UKIFIKA GARE YA NYABUGOGO
Maelezo kwa wanaosafiri kutoka Mahama kwenda Kigali



Kila wiki watu wanapita ofisini kwetu wakiwa na safari ya Kigali. Huyu ana barua ya rufaa ya hospitali, yule anampeleka mtoto shule ya bweni, mwingine ameitwa kwenye ofisi fulani kwa ajili ya karatasi zake. Wengi wanauliza swali moja: nikifika gare nifanye nini? Karatasi hii inajibu swali hilo.

Tuanze na neno lenyewe. Mzee mmoja wa upande wa Kalemie aliniuliza treni ya Kigali inaondoka saa ngapi. Hakuwa akitania. Kwao gare ni mahali pa treni, na reli ya kutoka Kalemie kwenda Kabalo anaijua tangu utoto. Ndugu zetu waliopitia Kigoma nao wanalikumbuka jengo la stesheni pale mjini. Lakini Rwanda haina reli na haijapata kuwa nayo. Mwaka 2018 Rwanda na Tanzania zilikubaliana kujenga reli kutoka Isaka hadi Kigali, ila hakuna treni iliyofika bado. Kwa hiyo ukimsikia mtu wa hapa anasema gare, anasema kituo cha mabasi. Gare iliyo kubwa kuliko zote ni Nyabugogo. Iko bondeni, chini ya katikati ya mji wa Kigali, na mabasi ya kwenda kila upande wa nchi yanapatikana pale.

Mzee yule tulicheka naye, kisha nikamwandikia maelezo kwenye karatasi. Haya ndiyo niliyomwandikia, pamoja na mengine niliyojifunza kwa hasara.

KABLA YA KUTOKA KAMBINI

Chukua kitambulisho chako cha mkimbizi chenyewe, si kopi. Ulizia ofisi ya kambi kuhusu ruhusa ya kutoka, hasa kama utalala nje, na uiombe mapema, si asubuhi ya safari. Kama unakwenda hospitali, weka barua ya rufaa ndani ya nguo au kwenye mfuko mdogo wa shingoni, usiiweke kwenye begi litakalopakiwa nyuma ya basi. Begi likipotea utanunua jingine. Barua ikipotea utarudi kambini kuanza upya, na tarehe ya daktari haikungojei.

Andika namba za simu kwenye karatasi. Simu inaishiwa umeme, simu inaibwa, na siku hizi hakuna anayeshika namba kichwani. Andika namba ya mtu wa nyumbani, ya mwenyeji wako wa Kigali kama unaye, na namba hizi zinazopigwa bila malipo: polisi 112, gari la wagonjwa 912, Ofisi ya Upelelezi ya Rwanda, yaani RIB, 166, na RURA, wasimamizi wa usafiri, 3988.

Angalia pia kalenda. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi ni umuganda, na kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi magari ya abiria hayatembei. Usipange kuwa njiani saa hizo. Siku za wanafunzi kwenda shule au kurudi likizo, mabasi mengi yanachukuliwa kwa ajili yao. Wanafunzi wanasafiri kwa siku zilizopangwa kufuatana na wilaya za shule zao, na kwa Kigali hukusanywa kwenye uwanja wa Kigali Pelé, Nyamirambo. Mzazi asimpeleke mtoto Nyabugogo siku hiyo bila kuuliza shule kwanza. Na mtu mwingine yeyote, kama safari yako inaweza kungoja siku mbili, ngoja.

HUENDA HUHITAJI KUFIKA NYABUGOGO

Jambo hili limewapotezea wengi muda na pesa, kwa hiyo lisome polepole.

Basi letu linatoka Kirehe, linapita Ngoma, Kayonza na Rwamagana, kisha linaingia Kigali kwa upande wa mashariki. Mahali pa kwanza pa mji ni Kabuga. Baada ya Kabuga unapita njia ya kwenda Masaka, halafu Kanombe penye uwanja wa ndege, halafu Remera. Nyabugogo iko mwisho kabisa, upande wa pili wa mji.

Sasa tazama. Mgonjwa aliyeandikiwa hospitali ya Masaka au hospitali ya jeshi ya Kanombe anapita karibu na hospitali yake akiwa amekaa kwenye basi, anakwenda mpaka Nyabugogo, halafu anatafuta gari la kumrudisha alikotoka. Nimewaona watu wakifanya hivyo na mtoto mgonjwa mgongoni. Aliyeandikiwa King Faisal, iliyoko Kacyiru, naye anaweza kushuka Remera akachukua basi la mjini. Hospitali ya CHUK imekuwa katikati ya mji kwa miaka mingi, na kwa hiyo ni rahisi kuiendea kutoka Nyabugogo. Lakini upo mpango wa kuihamishia Masaka. Ukiandikiwa CHUK, muulize mhudumu wa kliniki yetu: ni CHUK ya wapi? Usione aibu kuuliza. Swali hilo moja linaweza kukuokolea nusu siku.

Unapopanda basi, mwambie dereva au msaidizi wake mapema unapotaka kushuka, kisha mkumbushe mkipita Kabuga.

UKISHUKA NYABUGOGO

Kama safari yako inafika Nyabugogo kweli, jiandae kwa kelele. Kabla mguu haujagusa ardhi utasikia watu wanakuita: "Mugiye he? Mugiye he?" Wanakuuliza unakwenda wapi. Hawa huitwa abakarasi. Kazi yao ni kutafutia magari abiria. Wengi hawana ubaya, ni vijana wanaotafuta chakula cha siku kama sisi. Lakini wewe huwezi kujua nani ni nani, nao wanamtambua mgeni kwa namna anavyoangaza macho.

Mimi mwenyewe safari yangu ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kijana mmoja alinisalimia kwa Kiswahili kizuri sana, akanishika begi, akasema dirishani pana foleni, nimpe pesa anikatie tiketi. Nilifurahi kusikia lugha ninayoielewa. Nikampa. Aliingia mlango mmoja wa lile jengo, na mpaka leo sijui alitokea mlango gani. Nilikaa kwenye saruji hadi giza, nikiwa na begi na njaa, kwa sababu niliona aibu kumwambia askari kwamba nimetapeliwa. Hapo nilikosea mara ya pili. Polisi wanakuwapo pale gare, na kuwauliza hakuhitaji pesa.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukishuka usisimame katikati ya magari. Nenda pembeni ukutani, weka mzigo kati ya miguu yako, pumua, angalia. Utaona vyumba vidogo vya kampuni za mabasi, kila kimoja na jina lake juu. Ndani kuna mtu mwenye mashine inayotoa tiketi. Pesa yako iingie kwenye dirisha lile na si kwenye mkono wa mtu aliyesimama nje, hata kama amevaa fulana yenye jina la kampuni. Ukilipa kwa simu, lipa kwa namba iliyobandikwa dirishani, usilipe kwa namba ya mtu binafsi unayotajiwa mdomoni.

Anayekwenda Huye atapata mabasi ya Volcano, anayekwenda Musanze au Rubavu ya Virunga, na RITCO ina mabasi makubwa yanayokwenda sehemu nyingi. Kwa sisi wa Kirehe iko njia rahisi zaidi: tunza tiketi uliyokuja nayo. Kampuni iliyokuleta ndiyo inayoweza kukurudisha. Ukishuka tu, kabla ya kwenda hospitali au popote, muulize dereva dirisha lao liko wapi, lione kwa macho yako, na uulize pale basi la mwisho la kurudi ni saa ngapi. Andika jibu nyuma ya tiketi.

Lugha isikutishe. Waliotoka Burundi wanaelewana na watu wa hapa bila shida. Ndugu zetu wa Fizi na Kalemie ndio wanaopata taabu. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na Nyabugogo wapo wengi wanaokisema, madereva hasa. Ila jifunze maneno machache: "Ngiye i Kirehe" ni nakwenda Kirehe, "ni angahe" ni bei gani, "itike" ni tiketi. Mtu akikujibu kwa Kiswahili isiwe sababu ya kumpa begi lako. Mimi nimeshakueleza.

SAA YA TIKETI

Tiketi ina jina la kampuni, unakokwenda, tarehe na saa. Isome kabla ya kuondoka dirishani, na kama husomi mwombe mwanafunzi yeyote akusomee. Hapa kuna mtego. Sisi tunahesabu saa kuanzia mapambazuko, mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane. Jirani yangu alikuwa na tiketi ya 10:00. Akaenda Kimisagara kusalimia jamaa, akala, akapumzika, akarudi gare saa kumi alasiri akijisifu kwamba amewahi. Basi lake lilikuwa limeondoka saa nne asubuhi.

Kwa saa za mchana, ondoa sita. Tiketi ikisema 7:00, ni saa moja asubuhi. Ikisema 10:00, ni saa nne. Ikisema 13:00, ni saa saba mchana. Ikisema 16:30, ni saa kumi na nusu alasiri. Na basi la Rwanda haliondoki likijaa kama tulivyozoea kwetu. Linaondoka saa yake ikifika, hata kama viti vinne vitupu. Kila abiria ana kiti chake, hakuna kusimama njia nzima. Nilipofika nchi hii jambo hilo lilinishangaza kuliko majengo marefu.

Nauli za mikoani hupangwa na RURA kwa kila njia na kutangazwa. Zilibadilika Machi 2024 serikali ilipoacha kuwalipia abiria sehemu ya nauli, na zinaweza kubadilika tena, kwa hiyo hatuziandiki hapa. Ukitajiwa bei tofauti na ile iliyobandikwa, uliza. Usipopata jibu la kueleweka, piga 3988.

KUTOKA GARE KWENDA NDANI YA MJI

Mabasi ya ndani ya mji yako palepale Nyabugogo, lakini hayapokei pesa mkononi. Unahitaji kadi ya Tap&Go. Inauzwa na kujazwa pesa na mawakala walioko kwenye vituo. Ukipanda unaigusisha kwenye kimashine karibu na dereva. Kadi haiozi: ukirudi kambini mwazime jirani anayesafiri wiki inayofuata. Katika mtaa wetu tuna kadi tatu zinazozunguka hivyo, nazo zimesafiri kuliko wenyewe.

Pikipiki ni za haraka ila ghali zaidi. Uliza bei kabla ya kukaa, na uvae kofia ya abiria. Ni lazima kisheria. Pikipiki hubeba abiria mmoja tu.

Mizigo mizito inabebwa na vijana wanaoitwa karani ngufu. Patana naye bei kwanza, kisha tembea sambamba naye, jicho kwenye mzigo. Usifunge vitu vyako kwenye mifuko ya plastiki. Imekatazwa Rwanda tangu 2008, na unaweza kunyang'anywa na kubaki umekumbatia viazi. Tumia gunia au kitenge. Wakati wa mvua kubwa bonde la Nyabugogo hujaa maji, kwa hiyo funga karatasi zako vizuri usiziweke chini ya mzigo.

KWA DADA ZETU, NA KWA WAZAZI WAO

Sehemu hii naiandika kwa sababu mwaka uliopita nilikaa na mama mmoja siku nne mfululizo tukipiga simu isiyopokelewa. Binti yake alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa ameahidiwa kazi za nyumbani, na mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona alimwambia: njoo tu, nitakupokea Nyabugogo. Siku ya tano binti alipiga kwa simu ya kuazima. Alikuwa salama, tunashukuru. Mwanamke alikuwa amemchukua kitambulisho na simu, akisema atamtunzia, na kesho yake angemvusha mpaka kwenda "kazi nzuri zaidi". Binti aliomba kwenda chooni, akatoka, akamwendea mama muuza matunda, naye akampeleka polisi.

Gare ni mahali ambapo mtu anaweza kupokelewa na yeyote na hakuna anayeshangaa. Ndiyo maana wenye nia mbaya wanapapenda. Kwa hiyo dada, kabla ya kupanda basi kwa ajili ya kazi, jua jina kamili la mwajiri, mtaa anaokaa, na uzungumze naye mbele ya mzazi au mtu mzima unayemwamini. Mwenye kazi ya kweli hatakasirika kwa kuulizwa. Kitambulisho chako hakishikwi na mwajiri hata siku moja. Ukiambiwa safari inaendelea hadi nchi nyingine, simama hapohapo. Kitambulisho cha mkimbizi hakikuvushi mpaka. Anayekuvusha bila hati ya kusafiria anakutoa kwenye ulinzi wote ulio nao, na huko mbele atakuwa yeye peke yake anayejua uko wapi. Sheria ya Rwanda ya 2018 inaadhibu biashara ya watu, na aliyeuzwa hahesabiwi kuwa mkosaji kwa kuwa alidanganywa. Piga 112 au 166. Huna simu? Mwendee mama yeyote mwenye meza ya kuuza au askari yeyote, sema kwa sauti.

Na wazazi wetu, msinikasirikie: tusimpigie binti simu siku ya tatu kumuuliza pesa kabla ya kumuuliza amelala wapi.

Watoto wadogo wasitembee peke yao pale. Mwandikie mtoto jina lake na namba yako kwenye karatasi, uishonee ndani ya mfuko wa nguo. Mkipotezana, mtoto asimame alipo, wewe ndiye urudi.

KURUDI

Safari ya kwenda watu huipanga, ya kurudi huiachia Mungu. Daktari anachelewa, foleni ya dawa inachelewa, na unafika Nyabugogo jioni unakuta dirisha limefungwa. Tiketi za mchana huisha mapema siku za Ijumaa na kabla ya sikukuu. Kama unajua utarudi siku hiyohiyo, kata tiketi ya kurudi asubuhi unapofika, ukiacha nafasi ya saa mbili zaidi ya unavyodhani. Kumbuka pia kwamba ukishuka barabara ya lami bado kuna njia ya kuingia Mahama, na usiku pikipiki ni chache.

Ukikosa basi, usilale kwenye veranda za maduka na usimfuate mtu anayekupa kitanda bure. Kwanza piga simu kambini ili wajue uko wapi. Kama ulitumwa hospitali kwa rufaa, mpigie mhudumu wa kliniki aliyekuandikia barua, maana anaweza kuzungumza na hospitali ukangojea huko hadi asubuhi. Kama huna wa kumpigia, nenda kwa polisi wa gare, onyesha kitambulisho, eleza. Mimi usiku wangu ule nilikaa nje hadi askari aliponijia mwenyewe. Aliniuliza mbona sikusema mapema, akanionyesha benchi karibu na walipokuwa wamesimama, nikakaa pale mpaka mabasi ya alfajiri.

Ofisi ya huduma za jamii inayo ramani ndogo iliyochorwa kwa mkono, inayoonyesha vituo kutoka Kabuga hadi Nyabugogo na mahali pa kushukia kwa kila hospitali. Nakala ni bure. Anayesafiri Jumatatu aje Ijumaa kabla ya saa tisa alasiri, aje na barua yake ya rufaa, tutamwekea alama ya kalamu nyekundu mahali pake pa kushuka.